Kuiona jeni ya MYC kwenye kromosomu ya 8: mwongozo wa FISH kwa fundi wa maabara

Kabla hujafungua kichupa cha proba, ichukue slaidi yako ikiwa kavu, haijapakwa chochote, uitazame kwa hadubini ya fezi kontrasti. Kromosomu ziwe za kijivu kilichokolea, zimetawanyika bila kulaliana, na pembeni yake pawe safi. Ukiziona zinametameta, au zimefunikwa na ukungu wa saitoplazimu, usiendelee. Rudi kwenye seli zako, osha tena, dondosha slaidi nyingine.

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalotugharimu zaidi. Proba ni kitu ghali kuliko vyote katika kipimo hiki, na nukta zisipowaka mafundi wengi huilaumu yenyewe. Mara nyingi kosa lilishatendeka siku mbili tatu nyuma, siku ya kuvuna seli au kwenye mkono uliodondosha slaidi. Slaidi mbovu haiokolewi na proba nzuri.

FISH (fluorescence in situ hybridization) ni mbinu ya kupeleka kipande cha DNA kilichofungwa rangi inayong'aa, kikajishikize palepale alipo pacha wake kwenye kromosomu. Kipande hicho ndicho proba. Kikishika, unakiona gizani kwa hadubini kama nukta ndogo ya kijani au nyekundu juu ya kiini cha buluu. Joseph Gall na Mary-Lou Pardue walionyesha mwaka 1969 kwamba jambo hili linawezekana, wakitumia mionzi badala ya rangi. Rangi zilikuja baadaye, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mbinu ilikuwa imefika kwenye kromosomu za binadamu kwa namna tunayoitumia leo.

Mwongozo huu unafuata kipimo kimoja mwanzo hadi mwisho: kutafuta mvunjiko wa jeni ya MYC katika limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Nimekichagua kwa sababu historia ya ugonjwa huu ni ya kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya watoto wenye uvimbe wa taya aliokuwa akiwaona wodini. Sampuli za uvimbe huo zilizosafirishwa kutoka Uganda ndizo zilizowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kukiona mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr, kinachobeba majina ya wawili wao. Mwaka 1972 Manolov na Manolova wakakuta kipande cha ziada kwenye ncha ya kromosomu ya 14 ndani ya seli za uvimbe, na mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kwamba kipande hicho kimetoka kromosomu ya 8. Kilichokuwa kimehamishwa pamoja nacho, ilikuja kujulikana mwaka 1982, ni jeni ya MYC.

MYC huiambia seli igawanyike, na kwa kawaida huwashwa na kuzimwa kwa kipimo. Makao yake ni 8q24. Soma hivi: kromosomu ya 8, mkono mrefu, eneo la pili, mkanda (mstari unaojitokeza kromosomu ikipakwa rangi) wa nne. Usiseme "ishirini na nne", maana namba hizo mbili zinahesabu vitu viwili tofauti, kuanzia katikati ya kromosomu kwenda nje. Katika takribani asilimia 80 ya wagonjwa wa Burkitt, MYC hukutwa imepachikwa kwenye 14q32, ubavuni mwa jeni ya IGH inayotengeneza kingamwili. Ndani ya seli B jeni hiyo haizimwi, kwa hiyo MYC nayo inabaki imewashwa. Waliobaki wana mvunjiko uleule wa 8q24, ila mwenzake ni kromosomu ya 2 au ya 22.

Unahitaji slaidi za aina mbili

Ya kwanza ni ya mgonjwa. Kipande kibichi cha uvimbe kikifika, kikaushe damu kwa karatasi safi, kisha kibonyeze kwenye slaidi mara tatu nne kama mtu anayegonga muhuri. Usikiburute, utachana viini. Acha ikauke hewani, itumbukize kwenye mchanganyiko wa methanoli na asidi asetiki kwa dakika 10, ikauke tena. Sampuli iliyofyonzwa kwa sindano nayo inafaa. Kama kilichopo ni nyama iliyokaa kwenye fomalini na kuzamishwa kwenye nta, FISH bado inawezekana, ila maandalizi yake ni marefu zaidi, na kisu kinapokata unene wa mikromita 4 hukatilia mbali sehemu ya kila kiini, hivyo nukta nyingine hupotea bila ugonjwa wowote. Omba kibichi kila unapoweza. Ongea na watu wa chumba cha upasuaji mapema, kabla kipande hakijatupwa kwenye fomalini.

Ya pili ni slaidi ya mtu mzima wa afya aliyeridhia kutoa damu, yenye kromosomu zilizojikunja vizuri. Hii ndiyo shahidi wako. Juu yake unahakikisha kwamba proba uliyonunua inatua 8q24 na si mahali pengine, jambo ambalo viini vya uvimbe haviwezi kukuonyesha kwa sababu ndani yake kromosomu zimetanda kama uzi uliovurugika. Maabara nyingi changa huiruka hatua hii. Tafadhali usiiruke.

Kuotesha damu

Chukua mililita 3 hadi 5 za damu kwenye chupa yenye heparini ya sodiamu. Heparini ya lithiamu hudhoofisha ukuaji wa seli, na EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haifai kwa kuotesha. Usiigandishe kwa baridi. Ioteshe siku hiyohiyo au kesho yake.

Ndani ya usafi wa hali ya juu, weka mililita 0.5 ya damu kwenye mililita 5 za chakula cha seli cha RPMI 1640, chenye seramu ya ndama asilimia 10 hadi 20, glutamini, na viuavijasumu. Kisha ongeza PHA. Bila hiyo hupati kitu, kwa sababu limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) za kwenye damu zimelala na hazigawanyiki. PHA ni protini inayotoka kwenye maharage, ileile inayomfanya aliyekula maharage yasiyoiva atapike. Mwaka 1960 Peter Nowell alitambua kwamba protini hii huziamsha limfosaiti zikaanza kugawanyika, na tangu hapo kromosomu za mtu yeyote zikapatikana kwa kuchoma sindano mkononi tu. Kabla ya hapo watu walitegemea uboho au vipande vya ngozi.

Funga, weka kwenye inkubeta nyuzi 37 kwa saa 72. Kila siku tikisa taratibu mara moja, seli zisilale chini.

Kuvuna

Siku ya tatu ongeza kolisemidi hadi ifike mikrogramu 0.1 kwa kila mililita, urudishe nyuzi 37 kwa dakika 30 hadi 45. Dawa hii huvunja nyuzi zinazovuta kromosomu pande mbili, hivyo seli zinakwama katikati ya kugawanyika, kromosomu zikiwa zimejikunja na kuonekana. Ukizidisha muda utapata seli nyingi zaidi zilizokwama, lakini kromosomu zitakuwa fupi na nene kama punje za mchele. Kwa FISH fupi kidogo si tatizo. Kwa kusoma mikanda ni tatizo kubwa. Vaa glavu, kwa sababu kitu kinachozuia seli za kwenye chupa kugawanyika hakichagui seli.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 200 g, dakika 8. Mwaga maji ya juu, bakisha kidogo, ukipigepige kidole kitako cha chupa mpaka mashapo yalegee. Sasa mimina taratibu mililita 8 za kloridi ya potasiamu ya molari 0.075, iliyopashwa nyuzi 37. Ukiitengeneza mwenyewe, ni gramu 5.59 kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa. Acha dakika 20 kwenye nyuzi 37. Maji haya yana chumvi kidogo kuliko seli, kwa hiyo seli zinavimba na kromosomu zinaachana. Kabla T. C. Hsu hajaeleza faida ya kuvimbisha seli, mwaka 1952, kromosomu zilionekana zimerundikana, na vitabu viliandika kwamba binadamu ana 48. Joe Hin Tjio na Albert Levan ndio waliohesabu 46, mwaka 1956.

Kuanzia hapa seli ni dhaifu kama puto lililojaa maji. Usizitikise kwa nguvu.

Fiksativu ni sehemu 3 za methanoli kwa sehemu 1 ya asidi asetiki, na itengenezwe siku hiyohiyo, sio ya jana, kwa sababu inavuta unyevu hewani. Fanya kazi hii kwenye kabati la kuvuta hewa, mbali na moto wowote. Methanoli inawaka kwa mwali ambao mchana hauonekani vizuri, na mvuke wake ni sumu. Dondoshea matone matano hadi kumi kwenye chupa yenye seli na maji ya potasiamu, geuza chupa taratibu, zungusha, mwaga. Kisha legeza mashapo na uongeze fiksativu tone moja moja huku ukitikisa. Rangi itageuka kahawia iliyokoza kama kahawa: hizo ni chembe nyekundu zinazopasuka. Ukimimina kwa pupa, zitagandana na seli zako na hutazitenganisha tena. Rudia kuzungusha na kubadilisha fiksativu mara tatu au nne hadi maji yawe angavu na mashapo yawe meupe. Yaliyobaki hifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, yanakaa muda mrefu.

Kudondosha slaidi

Hapa ndipo mkono wa mtu unapoonekana. Slaidi iwe safi, isiyo na mafuta, iliyofutwa kwa alkoholi. Iinamishe kidogo, dondosha tone moja au mawili kutoka urefu wa sentimita chache, na utazame uso wa tone. Linatanda, ukingo wake unaanza kukunjamana na kutoa rangi kama mafuta juu ya maji, halafu linakauka. Sekunde zile za kukauka ndizo zinazotawanya kromosomu.

Hali ya hewa ina neno kubwa hapa. Kinachotakiwa ni unyevu wa karibu asilimia 50 na joto la nyuzi 25 hivi. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika hewa imejaa maji, slaidi inachelewa kukauka, na kromosomu zinatawanyika kupita kiasi hadi ya seli hii inachanganyika na ya seli ile. Washa kiyoyozi, funga dirisha, au ipitishe slaidi juu ya sahani yenye joto kidogo. Nairobi au Arusha wakati wa kiangazi ni kinyume chake: tone linakauka mara moja na kromosomu zinabaki zimekumbatiana. Hapo hemea slaidi pumzi moja ndefu kabla ya kudondosha, uone ukungu mwembamba juu ya kioo, ndipo utone. Ni ufundi wa zamani na unafanya kazi kuliko vifaa vingi nilivyowahi kuona vikiuzwa kwa ajili hiyo.

Dondosha slaidi moja ya majaribio, itazame, rekebisha, ndipo udondoshe nyingine. Zungushia eneo lenye seli nzuri kwa kalamu ya almasi upande wa chini wa kioo, ili kesho ujue pa kuweka proba.

Neno juu ya mikanda

Ukitaka kujifunza kuitambua kromosomu ya 8 kabla ya kuiwekea nukta, paka Giemsa. Kila maabara ya malaria hapa Afrika Mashariki inayo. Slaidi ikae nyuzi 60 usiku mzima, izamishwe sekunde chache kwenye tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, isuuzwe, kisha Giemsa. Marina Seabright aliieleza njia hii ya tripsini mwaka 1971. Angalizo moja: bafa ya malaria ni pH 7.2, ya kromosomu ni 6.8, kwa hiyo usikope ya jirani. Kromosomu ya 8 ni ya ukubwa wa kati na bila mikanda inafanana mno na za 9, 10, 11 na 12. Kromosomu ya 14 ni rahisi zaidi, kwa kuwa kitovu chake, pale mikono miwili inapokutana, kiko karibu kabisa na ncha. Mkanda mmoja hubeba mamilioni ya herufi za DNA, na kitu kidogo kuliko hapo macho hayakioni. Ndiyo sababu tunahitaji proba.

Siku ya kuweka proba

Andaa kwanza SSC, maji ya chumvi na sitrati, yaliyokolea mara 20: gramu 175.3 za chumvi ya sodiamu kloridi na gramu 88.2 za sitrati ya sodiamu yenye molekuli mbili za maji, kwa lita moja, pH 7.0. Mililita 100 zake ukizifikisha lita moja unapata SSC ya mara 2. Mililita 20 ukizifikisha lita moja unapata ya 0.4.

Weka slaidi kwenye SSC ya mara 2, nyuzi 37, dakika 30. Kama ulipotazama kwa fezi kontrasti uliona ukungu kidogo wa saitoplazimu, ipitishe kwenye pepsini (nayo hukata protini) ya asilimia 0.005 ndani ya asidi hidrokloriki ya molari 0.01, nyuzi 37, dakika 5, kisha isuuze. Pepsini ikizidi, viini vinakuwa vyepesi, vina mashimo, vinaonekana kama nguo iliyoliwa na nondo. Usiitumie kama haihitajiki. Halafu kausha kwa ethanoli ya asilimia 70, 85 na 100, dakika 2 kila moja, iache hewani.

Zima taa kubwa. Rangi zinazong'aa hufa kwa mwanga. Weka mikrolita 10 za mchanganyiko wa proba kwenye eneo ulilochora, funika kwa kioo cha milimita 22 kwa 22 bila kunasa povu, na uzibe kingo zote kwa gundi ya mpira. Ziba kwelikweli. Upenyo mdogo kama unywele ukikaushia pembeni usiku, asubuhi utakuta nyota nyingi zinazong'aa pasipo na seli.

Ndani ya mchanganyiko huo, karibu nusu ni formamaidi. Inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo fundi mjamzito asiiguse, na hilo lisiwe jambo la kumuonea haya mtu kulisema. Kazi ya formamaidi ni kulegeza nyuzi mbili za DNA ziachane bila joto kali. Kila asilimia moja yake hushusha joto la kuachana kwa takribani nyuzi 0.6, kwa hiyo asilimia 50 inakupunguzia nyuzi 30 hivi, na kromosomu hazipikwi hadi zikaharibika umbo. Mara nyingi mtengenezaji huongeza pia DNA inayoitwa Cot-1, ambayo hufunika vipande vinavyojirudia kila mahali kwenye kromosomu, ili proba isishike ovyo.

Weka slaidi kwenye sahani ya joto, nyuzi 73 hadi 75, dakika 2 hadi 5 kadiri karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Proba na kromosomu zinaachanishwa kwa pamoja. Kisha boksi lenye giza na kitambaa kibichi ndani, nyuzi 37, usiku mzima, saa 16 au zaidi. Umeme ukikatika usiku, usifungue inkubeta kutazama. Ukiiacha imefungwa inatunza joto, na ukirudi umeme unaongeza saa kadhaa. Proba haiharibiki kwa kukaa zaidi, mradi haijakauka.

Kuosha

Asubuhi ng'oa gundi kwa kibano, kioo kitoke chenyewe kwenye SSC bila kukivuta. Kisha:

1. SSC ya 0.4 yenye NP-40 (aina ya sabuni) asilimia 0.3, nyuzi 73, dakika 2. Tikisa sekunde chache za mwanzo.
2. SSC ya mara 2 yenye NP-40 asilimia 0.1, joto la chumba, dakika 1.
3. Kausha gizani, weka mikrolita 10 za DAPI (rangi ya buluu inayoshika DNA) yenye dawa ya kuzuia rangi kufifia, funika.

Hatua ya kwanza ndiyo inayotenganisha proba iliyoshika pacha wake na ile iliyoshika kitu kinachofanana naye tu. Joto kali na chumvi kidogo hung'oa kilichoshika vibaya. Chumvi ikizidi au joto likipungua, kila kitu kinabaki na kiini chote kinawaka.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii niliharibu slaidi sita za siku moja kwa hatua hiyo. Kipimajoto kilisoma 73, nami nikakiamini. Kilikuwa kimening'inia kwenye maji ya bafu, wakati slaidi zilikuwa ndani ya mtungi wa kioo uliosimama humo, na maji ya ndani ya mtungi yalikuwa nyuzi 68. Tena niliweka zote sita kwa pamoja, na kila slaidi baridi inayoingia hushusha joto kwa karibu nyuzi moja. Mbili kati ya hizo zilikuwa za mtoto aliyekuwa akisubiri matibabu, na tulilazimika kuomba sampuli nyingine. Tangu siku hiyo kipimajoto changu kinaingia ndani ya mtungi, slaidi haziwi zaidi ya nne kwa wakati mmoja, na bafu naliweka juu kidogo ya ninachotaka kupata.

Kusoma

Acha slaidi gizani dakika 10, anza na kichujio cha DAPI. Viini viwe na kingo kali, vya buluu safi. Kwenye slaidi ya mtu mwenye afya tafuta kromosomu zilizotawanyika, hakikisha nukta ziko mbili tu, kila moja karibu na mwisho wa mkono mrefu wa kromosomu ya ukubwa wa kati. DAPI yenyewe hutoa mikanda hafifu inayofuata ile ya Giemsa, na ukiigeuza picha kwenye kompyuta iwe nyeusi kwa nyeupe utaweza kuithibitisha kromosomu ya 8. Tumia mafuta ya lenzi yasiyong'aa, la sivyo utaona ukungu usioisha na kudhani ni proba.

Proba ya kuachana ya MYC ina rangi mbili, moja upande huu wa jeni na nyingine upande ule. Jeni ikiwa nzima, rangi mbili zinagusana na unaona nukta mbili za njano, au nyekundu na kijani zilizobanana. Jeni ikivunjika, unaona njano moja, nyekundu peke yake na kijani peke yake. Swali linalokuja mara zote ni: zikiwa zimeachana kidogo je? Kanuni ya maabara nyingi ni kwamba pengo lisilozidi upana wa nukta mbili huhesabiwa kuwa bado zimeungana. Iandikeni kanuni yenu ukutani, wasomaji wote waifuate moja.

Watu wawili wahesabu, kila mmoja viini 100, bila kuambiana. Viini vilivyolaliana rukeni. Kiwango cha kusema "imevunjika" kinatoka kwenye maabara yenu wenyewe, kwa kuhesabu sampuli za watu wasio na ugonjwa, kwa kuwa hata ndani yao viini vichache vitaonekana vimeachana kwa bahati. Matokeo yanaandikwa hivi: nuc ish(MYCx2)(5'MYC sep 3'MYCx1)[160/200]. Maana yake, viini 160 kati ya 200 vina MYC mbili, na moja kati yake imeachana.

Usidanganyike na matokeo ya kawaida. Kwenye Burkitt ya ukanda wetu, mvunjiko wa kromosomu ya 8 mara nyingi uko mbali na jeni, hata mamia ya maelfu ya herufi kabla yake, na ukiangukia nje ya proba nukta zitabaki zimeungana. Proba nyingine, inayowasha MYC na IGH kwa rangi tofauti na kutafuta zilipoungana, huukamata mvunjiko kama huo. Hiyo nayo haiwaoni wagonjwa ambao mwenzi wa MYC ni kromosomu ya 2 au 22, ambao ile ya kwanza huwaona vizuri. Kama bajeti inaruhusu, wekeni zote mbili. Hairuhusu? Anza na ya kuachana, na ikija ya kawaida huku daktari wa patholojia anaona kila dalili ya Burkitt, fuata na ya pili. Kadhalika MYC iliyovunjika peke yake haimaanishi Burkitt, kwa kuwa limfoma nyingine za seli B nazo huweza kuwa nayo. Matokeo yako yasomwe pamoja na umbo la seli na alama za protini CD10, BCL2, na Ki-67, ile inayoonyesha seli zinazogawanyika, ambayo kwenye Burkitt hukaribia asilimia 100.

Ikiwa hakuna nukta kabisa, angalia kwanza kama DAPI yenyewe ni nzuri. Viini vikali na vya buluu bila nukta humaanisha DNA haikuachana vya kutosha: pima joto la sahani kwa kipimajoto kingine. Viini vilivyovimba na kupoteza kingo humaanisha joto lilizidi. Nukta kwenye seli chache za pembeni tu, povu lilinasa katikati. Kiini kizima kikiwaka, rudia hatua ya kwanza ya kuosha kwenye slaidi hiyohiyo kwa kutoa kioo, kuondoa DAPI kwa SSC, na kuosha upya kwa joto sahihi. Mara nyingi inaokoka.

Piga picha siku hiyohiyo, rangi zinafifia. Slaidi ihifadhiwe gizani, nyuzi 20 chini ya sifuri, imefungwa isipate unyevu. Na kabla hujakaa kuandika ripoti, mpigie daktari wa wodi. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48, na ripoti iliyochapwa vizuri ikifika kesho kutwa mtoto anaweza kuwa tayari hawezi kufungua mdomo.